Pilgrim's Rest: Mji wa Mabati Ulioponea Chupuchupu Kuwa Mahame

Mwaka 1974 serikali ya jimbo la Transvaal, Afrika Kusini, ilinunua mji mzima. Barabara moja ndefu inayoteremka bondeni, nyumba za mabati zilizopangana pande zote mbili, maduka, hoteli, karakana, mitambo ya kuchenjulia dhahabu: vyote viliingia katika mauzo hayo. Muuzaji alikuwa mmoja, kampuni ya madini iliyokuwa imefunga mgodi wake wa mwisho miaka michache kabla. Mji wenyewe ni Pilgrim's Rest, kwenye milima ya mashariki, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Mpumalanga.

Mgodi wa dhahabu ukifungwa, kwa kawaida watu hung'oa mabati, hupakia magodoro na kwenda zao. Baada ya masika machache hubaki misingi ya mawe, vifusi na mashimo yaliyojaa maji. Waliowahi kutembea kwenye machimbo ya zamani ya Lupa, kule Chunya, wanaijua hali hiyo. Pilgrim's Rest uliponea chupuchupu, na sababu inapatikana katika historia ya miaka mia moja ya nani alimiliki nini. Kwa maoni yangu mji huu uliumizwa na kuokolewa na jambo lile lile: karibu kila aliyeishi pale alilala kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kabla ya 1873

Wazungu hawakuwa wa kwanza kuiona dhahabu ya kusini mwa Afrika. Katika karne ya 13 watu wa Mapungubwe, karibu na mto Limpopo, walizika wakubwa wao pamoja na shanga za dhahabu na kifaru mdogo aliyetengenezwa kwa bamba la dhahabu. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, kisha majahazi yakaipeleka Kilwa. Utajiri aliouona Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara hiyo. Kwa hiyo msomaji wa pwani yetu ana haki ya kuitazama historia hii kama jambo linalomhusu.

Bonde la mto Blyde lilikuwa nchi ya Wapulana, na magharibi yake kulikuwa na ufalme wa Wapedi. Makaburu walifika miaka ya 1840 wakaanzisha Lydenburg na kugawana mashamba, wakiwa na hati walizoandikiana wao kwa wao. Shamba lililokuja kuwa kitovu cha habari hii liliitwa Ponieskrantz.

Mwanzoni Makaburu waliiogopa dhahabu. Mwaka 1853 serikali yao iliingia mkataba na mtafutaji madini Pieter Jacob Marais: akipata dhahabu ya maana atalipwa pauni 5,000, lakini akiitoboa siri kwa wageni atauawa. Walijua kwamba habari za dhahabu zikivuma, Waingereza watafuata. Miaka ishirini baadaye hofu ilikuwa imezidiwa na shida. Rais Thomas François Burgers wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal aliingia madarakani mwaka 1872 akakuta hazina tupu, noti za serikali hazina thamani, na ndoto ya kujenga reli hadi ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, haina fedha. Sasa dhahabu ilikuwa inatafutwa kwa udi na uvumba.

1873: Mtu na toroli lake

Mapema mwaka 1873 Tom McLachlan na wenzake walipata dhahabu mashariki ya Lydenburg. Wachimbaji wakamiminika, na baada ya muda mfupi kambi yao ikaitwa Macmac, kwa kuwa Rais Burgers alipoitembelea alikuta majina mengi ya Waskoti yanayoanza na Mac.

Miongoni mwao alikuwako Alec Patterson. Wenzake walimpachika jina la Wheelbarrow, yaani Toroli, kwa sababu alibeba mali yake yote kwenye toroli, akilisukuma kutoka machimbo hadi machimbo. Inasimuliwa kwamba aliliachia toroli kazi hiyo baada ya kupigwa teke na punda wake. Patterson hakupenda msongamano. Macmac ilipojaa, alivuka mlima peke yake akashukia bonde la pili, akajaribu mchanga wa kijito kinachoingia mto Blyde. Karai lake la kwanza lilimwonyesha kwamba amefika.

Alinyamaza, kama ambavyo mchimbaji yeyote mwenye akili angenyamaza. Lakini William Trafford naye alifika kwenye kijito hicho hicho, na yeye akaenda kuandikisha kitalu chake kwa kamishna wa dhahabu. Siri ikawa imekwisha. Tarehe 22 Septemba 1873 eneo lilitangazwa rasmi kuwa machimbo ya dhahabu, na jina la Pilgrim's Rest, pumziko la hujaji, likashika. Rashi, yaani mbio za dhahabu, iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana Transvaal hadi wakati huo: kabla mwaka haujaisha palikuwa na wachimbaji wapatao 1,500 kwenye vitalu karibu 4,000.

1873–1876: Maisha ya mialoni

Dhahabu ya kwanza ya Pilgrim's Rest ilikuwa ya mchangani. Kwa maelfu ya miaka mvua ilikuwa imemomonyoa miamba ya juu ya mlima, maji yakabeba punje za dhahabu hadi kijitoni, na kwa kuwa dhahabu ni nzito kuliko mchanga, punje zikazama chini ya kokoto na kutulia juu ya mwamba. Mtu mmoja mwenye sururu, sepetu na karai aliweza kuifikia. Wawili watatu wakishirikiana walitengeneza mfereji wa mbao wenye vizuizi, wakamwaga udongo juu, maji yakaondoa matope na dhahabu ikabaki imenasa. Hakuna aliyehitaji mtaji wa benki. Ndiyo maana machimbo ya aina hii huvuta kila aina ya mtu, na ndiyo maana hayadumu.

Mahema yalisimama kila palipokuwa na tambarare kidogo. Yakafuatiwa na vibanda vya turubai, kisha maduka, baa, gazeti, na mahali pa sala. Bidhaa zilitoka mbali. Njia fupi ilikuwa ya kutoka ghuba ya Delagoa, lakini ilipita nchi ya chini ambako mbung'o walimaliza ng'ombe wa kukokota magari na malaria ikawamaliza wenye ng'ombe. Percy FitzPatrick, aliyefanya kazi za duka na uchukuzi katika ukanda huu miaka ya 1880, ameyaeleza mateso ya njia hiyo katika kitabu chake kuhusu mbwa wake Jock, kilichotoka mwaka 1907.

Wachimbaji walijitungia kanuni zao. Juu ya mji yapo makaburi, na yote yameelekezwa upande mmoja isipokuwa moja lililolazwa kinyume, lenye maandishi mafupi yanayosema kwamba hilo ni kaburi la mwizi. Masimulizi ya wenyeji ni kwamba mtu huyo alikamatwa akiiba kwenye mahema, akafukuzwa machimboni, akarudi usiku na kupigwa risasi. Akazikwa pale alipoangukia. Makaburi mengine yalikuja baadaye kumzunguka, kwa hiyo mwizi ndiye aliyefungua makaburi ya mji.

Kuna watu ambao picha za zamani zinawaonyesha ukingoni tu, wameshika sepetu, bila majina chini ya picha. Hao ni vibarua Waafrika: Wapedi, Wapulana, na watu waliotoka ng'ambo ya mpaka, Msumbiji. Walichimba mifereji, walibeba mawe, walisukuma udongo. Sheria za dhahabu za Transvaal hazikumruhusu mtu mweusi kumiliki kitalu, hata kama kitalu kilikuwa kwenye ardhi ya babu zake. Kwa Wapedi wengi kazi ya vibarua ilikuwa njia ya kupata fedha za kununua bunduki, na bunduki hizo zilikuja kuwa na maana sana mwaka 1876.

1876–1895: Vita, kibali kimoja, na mwisho wa mchimbaji mdogo

Mwaka huo Rais Burgers alimvamia Mfalme Sekhukhune wa Wapedi na akashindwa. Jeshi lake la wakulima lilitawanyika kurudi majumbani, machimbo yakaingiwa na hofu, wengi wakaondoka. Aprili 1877 Waingereza waliitwaa Transvaal, wakitoa sababu kwamba serikali ya Makaburu imeshindwa kujilinda na kujilipia madeni. Miaka minne baadaye, kufuatia vita vya 1880–1881, Makaburu waliirudisha nchi mikononi mwao, lakini hazina ilikuwa tupu vile vile.

Hapo ndipo historia ya mji ilipogeuka. Dhahabu nyepesi ya kijitoni ilikuwa inakwisha. Iliyobaki ilikuwa ndani ya miamba, na mwamba hauchimbwi kwa karai. Unahitaji baruti, mahandaki, vinu vya kupondea mawe, zebaki ya kunasia dhahabu, na fedha za kusubiri miezi kabla ya mavuno. Serikali ikaona ni rahisi zaidi kukusanya kodi kwa tajiri mmoja kuliko kwa wachimbaji mia tano wakorofi. Ikampa kibali David Benjamin, mwekezaji kutoka London, cha kuchimba Ponieskrantz na mashamba jirani. Waliokuwa na vitalu walilipwa fidia wakaambiwa waondoke.

Baadhi walikwenda Barberton, ambako dhahabu ya miamba ililipuka mwaka 1884. Wengi wao walihamia tena mwaka 1886 lilipopatikana tabaka la dhahabu la Witwatersrand, na Johannesburg ukaota juu yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu miongozo ya watalii hulipita haraka: enzi ya mchimbaji huru mwenye karai, ambayo ndiyo inayouzwa leo Pilgrim's Rest kwenye fulana na kadi za posta, ilidumu chini ya miaka kumi. Karibu miaka tisini iliyofuata ilikuwa enzi ya kampuni.

Kampuni za mwanzo zilihangaika. Mwaka 1895 mabwenyenye wa Johannesburg waliokuwa wamejenga utajiri wao Witwatersrand waliunganisha mali za eneo hilo na kuanzisha Transvaal Gold Mining Estates, inayojulikana kwa herufi TGME. Walikuja na mtaji, wahandisi, na mbinu mpya ya kutumia sianidi kuyeyusha dhahabu iliyoshindikana kunaswa kwa zebaki. Mtambo mkubwa wa kuchenjulia ulijengwa kando ya mto, na mawe kutoka migodi ya milima yote ya jirani yakaanza kuletwa hapo kwa reli ndogo.

1902: Pauni za porini

Vita vya pili kati ya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwaka 1899, uchimbaji ulisimama. Kufikia 1902 Pretoria na Johannesburg zilikuwa mikononi mwa Waingereza, lakini vikosi vya Makaburu vilikuwa bado vinapigana milimani upande wa mashariki. Vilihitaji fedha za kununulia chakula na nguo kwa Waafrika na wafanyabiashara waliokataa noti za serikali isiyo na makao.

Dhahabu ilikuwepo Pilgrim's Rest, na karakana ya mgodi ilikuwepo. Kikundi kilichoongozwa na mwalimu wa shule aliyeitwa P. J. Kloppers kikaamua kutengeneza sarafu. Hawakuwa mafundi wa kazi hiyo. Walichonga mihuri, ikavunjika, wakachonga mingine, wakaunda mashine ya kugandamizia kutokana na vyuma vilivyokuwepo. Sarafu yenyewe haina picha ya rais wala nembo ya taifa: upande mmoja una herufi ZAR, kifupi cha jina la jamhuri ya Makaburu, zilizosukwa pamoja na mwaka 1902, upande wa pili una maneno mawili ya Kiholanzi yanayotaja thamani, pauni moja. Zilitoka 986. Mkataba wa amani ukasainiwa tarehe 31 Mei 1902, na kazi ikaishia hapo. Leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei kubwa mno.

Habari hii ina pacha wake kwetu. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki, wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza na hawana tena njia ya kuletewa fedha kutoka Ulaya, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida, na upande mmoja walichora tembo. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Katika mahali pote pawili majeshi yaliyokuwa yanaelekea kushindwa yaligeuza karakana ya fundi chuma kuwa benki kuu, na katika mahali pote pawili waliochimba dhahabu hiyo kutoka ardhini hawatajwi popote kwenye habari za sarafu.

1902–1971: Mji wa kampuni

Baada ya vita TGME iliufufua mgodi na kuushika mji kikamilifu. Ardhi ilikuwa yake, kwa hiyo nyumba zilikuwa zake. Meneja, mhasibu, fundi, mwenye duka, wote walikuwa wapangaji. Mpangaji hajengi kwa matofali. Kampuni nayo haikuona sababu ya kujenga kwa mawe katika mji ambao uhai wake ulitegemea unene wa tabaka la dhahabu. Ikaendelea kutumia fremu za mbao na mabati ya migongo, ambayo yalikuwa mepesi kubeba kwa magari ya ng'ombe, rahisi kufunga kwa skrubu na rahisi kufungua na kuhamisha. Vibaraza vikaongezwa mbele ili watu wapunge hewa, kwa maana bati la mchana katika bonde lile ni joto kweli.

Kwa hiyo barabara ya mji ilibaki vile vile, mwongo baada ya mwongo. Hakuna tajiri aliyenunua kiwanja akabomoa akapandisha ghorofa, kwa sababu kiwanja hakikuwa kikiuzwa. Johannesburg ulibomolewa na kujengwa upya mara kadhaa katika kipindi hicho. Pilgrim's Rest ulipakwa rangi tu.

Baa ya Royal Hotel inaonyesha jinsi mji ulivyoishi kwa vitu vya kuhamishwa. Jengo lake lilikuwa kanisa dogo huko Lourenço Marques, Maputo ya sasa. Katika miaka ya 1890 lilifunguliwa vipande, likapakiwa kwenye magari ya ng'ombe, likapandishwa milimani na kufungwa upya ili kuuzia vinywaji. Bado lipo.

Mwaka 1912, juu ya mlima upande wa Lydenburg, Tommy Dennison alilisimamisha gari la posta kwa bunduki akachukua fedha zilizokuwa zinapelekwa mjini. Kisha akarudi mjini, ambako kila mtu alimjua, akaanza kulipa madeni yake kwa sarafu za fedha zinazong'aa. Alikamatwa upesi. Alipotoka jela miaka kadhaa baadaye alirudi hapo hapo akafungua gereji ya magari, akaiita gereji ya mnyang'anyi wa njiani. Wenyeji walimpokea. Mji wa watu wachache ulihitaji fundi.

Miaka iliyobaki naweza kuipita kwa kasi, kwa maana habari yake ni ya kazi ya kila siku. Umeme wa nguvu ya maji ulitoka mto Blyde. Mwaka 1915 meneja wa mgodi, Richard Barry, alijengewa jumba la Alanglade, kubwa na la kifahari, mbali kidogo na kelele za vinu. Milima ikapandwa miti ili kupata matimba ya kuegemezea mapaa ya mahandaki, na miti hiyo ndiyo mwanzo wa misitu ya misonobari inayotawala eneo la Sabie na Graskop hadi leo.

Jambo ambalo sitalipita kwa kasi ni kazi ya mahandakini. Matabaka ya dhahabu ya Pilgrim's Rest ni membamba na yamelala karibu sambamba na ardhi, ndani ya miamba ya dolomaiti. Kampuni haikutaka kulipia kuchimba mwamba usio na dhahabu, kwa hiyo nafasi za kufanyia kazi zilikuwa chini mno. Mchimbaji hakusimama. Alipiga magoti, alijipinda, au alilala ubavu akatoboa mwamba ulio mbele ya uso wake, akivuta vumbi lake. Waliolala hivyo ni Waafrika, na waliishi kwenye makambi mbali na vibaraza vya barabara kuu.

Kilichoumaliza mgodi ni hesabu. Kuanzia 1934 bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa dola 35 kwa aunsi, na ikakaa hapo hadi 1971. Kwa miaka hiyo yote gharama za chuma, baruti na chakula zilipanda huku matabaka mazuri yakiisha. Mgodi mmoja baada ya mwingine ukafungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukafuata mgodi wa Beta, wa mwisho. Jambo la kusikitisha ni kwamba bei ilifunguliwa karibu wakati huo huo, na kabla mwongo haujaisha ilikuwa imepanda mara kumi na zaidi.

1974–1986: Mji unaokotwa

Kampuni ilibaki na biashara ya mbao na mji usio na kazi. Wafanyakazi walitawanyika. Katika hali ya kawaida mabati yangeuzwa kwa kilo. Lakini kwa kuwa mwenye mali alikuwa mmoja, serikali ya jimbo iliweza kuzungumza na mtu mmoja mezani na kununua vyote kwa mpigo. Mji ungekuwa na wenye nyumba mia mbili, kila mmoja na bei yake, nina hakika mazungumzo yangeendelea hadi paa la mwisho lianguke.

Serikali iliamua kuuhifadhi mji kama makumbusho yenye watu. Nyumba zilikarabatiwa, baadhi zikawa maonyesho, nyingine zikapangishwa kwa wenye maduka, mikahawa na nyumba za wageni. Mwaka 1986 mji ukatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Tukumbuke majira yenyewe: Afrika Kusini ilikuwa chini ya hali ya hatari, vijana walikuwa wanauawa mitaani Soweto na kwingineko. Historia iliyohifadhiwa wakati huo ilikuwa historia ya watu walioshika madaraka wakati huo. Samani za meneja zilitafutwa hadi kijiko. Makambi ya vibarua hayakutafutwa.

Baada ya 1994 mkoa mpya wa Mpumalanga ulirithi mji, na utalii ukapanuka. Pilgrim's Rest uko kwenye njia ya mandhari inayopita korongo la mto Blyde kuelekea hifadhi ya Kruger, kwa hiyo mabasi ya wageni yalikuwa yanapita jirani tayari. Mwaka 2004 mtambo wa kuchenjulia uliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Afrika Kusini inakusudia kuyapendekeza kwa UNESCO.

Leo

Kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari. Ukiteremka kutoka Graskop kupitia misonobari, mapaa ya mji yanatokea ghafla bondeni, mekundu kwa kijani. Kabla hujazima injini, kijana amekwisha kufika dirishani kuomba akuoshee gari. Mwingine anauza karanga za makadamia kwenye vifuko. Hao ni wajukuu wa wafanyakazi wa mgodi na wa misitu, na kwa wengi wao mgeni anayeegesha gari ndiyo ajira iliyopo.

Panapofanyiwa maonyesho ya uchimbaji wa kale, kando ya kijito, muongozaji huchota mchanga kwenye karai, huliinamisha majini na kulizungusha kwa viganja, taratibu kuliko unavyotarajia. Kokoto hutoka kwanza. Kisha mchanga mwekundu. Unabaki mchanga mweusi mzito, umejikusanya kwenye ukingo, na ndani yake, akiupitishia tone la maji, chembe ndogo kuliko punje ya ulezi inang'aa. Niliomba nijaribu, yangu ilikwenda na maji. Ndipo nilipoelewa ustadi walio nao wanawake na wanaume wanaofanya kazi hiyo kila siku kwenye mialo ya Geita na Migori, bila mgeni wa kuwapigia makofi.

Kwenye duka la makumbusho rafu zimejaa makopo ya chai, sabuni za mche na dawa za kifua za enzi za kampuni. Mtambo wa kuchenjulia uko nje ya barabara kuu, na wageni wengi huukosa. Ni kosa. Pale ndipo kazi yenyewe ilipofanyika.

Ufufuo huu hauko imara. Katika miaka ya 2010 mikataba ya kupangisha majengo ya serikali ilizua mgogoro mkubwa. Wafanyabiashara waliokaa miaka mingi walihamishwa, mashauri yakafika mahakamani, na baadhi ya nyumba zilizoachwa tupu zilianza kuoza. Bati lisilopakwa rangi halivumilii mvua za milima ile. Janga la korona likafunga hoteli. Wakati huo huo bei ya juu ya dhahabu imewarudisha wachimbaji wasio na leseni kwenye mahandaki ya zamani, wakihatarisha maisha yao gizani. Kampuni ya TGME nayo ipo bado, chini ya Theta Gold Mines iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia, na imekuwa ikipanga kufungua upya migodi. Na jamii za Waafrika za eneo la korongo la Blyde zimedai kurudishiwa ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa wazee wao.

Umiliki wa mtu mmoja uliouokoa mji mwaka 1974 ndio unaousumbua sasa. Idara ya serikali inayosimamia majengo ikilala, mji mzima unalala nayo, kwa kuwa mpangaji haruhusiwi hata kugongomelea bati lake bila kibali. Ningekuwa na sauti huko, ningeshauri mikataba mirefu kwa wenyeji, wakiwemo watoto wa wachimbaji, kwa masharti makali ya kuhifadhi majengo. Pia ningeomba kambi moja ya vibarua ijengwe upya kwa uangalifu ule ule uliotumika kwa jumba la meneja.

Kwa msomaji anayepanga kwenda Kruger: usipite Pilgrim's Rest kwa saa moja ya picha. Lala hapo usiku mmoja, mlipe muongozaji wa mtaani akupeleke makaburini na kwenye mtambo wa kuchenjulia, na umuulize ni kina nani waliolala ubavu ndani ya yale mahandaki, walitoka wapi na wamezikwa wapi. Wageni wengi wakiuliza hivyo, makumbusho yatalazimika kutafuta majibu.